Kwa Nini Koti la Mtumishi wa Lodi Linazidi Bei ya Suti

Mwezi uliopita, mteja aliyeagiza sare sita za watumishi wa kiume kwa ajili ya mchezo wa jukwaani aliondoka kwenye duka letu la ushonaji hapa London akiamini kwamba tumemlangua, kwa sababu koti moja lilimgharimu kuliko suti ya dukani. Si wa kwanza kulalamika hivyo, na naona ni haki nieleze fedha hiyo inakwenda wapi.

Sare za watumishi wa makabaila wa Uingereza hazikukusudiwa kuwa rahisi. Tangu mwaka 1777 mwenye nyumba alilipia kodi kila mtumishi wa kiume, na mwaka 1795 ikaja kodi ya poda ya nywele, ambayo watumishi hao walipakwa kichwani, kwa hiyo kijana mrefu aliyesimama mlangoni na koti la sufu lenye rangi za nembo ya ukoo, suruali ya mahameli inayoishia magotini na soksi nyeupe za hariri, alikuwa akitangaza utajiri wa bwana wake kabla hajafungua kinywa.

Kinachokula saa zetu ni utepe wa dhahabu. Koti moja huchukua takriban mita 9, kuzunguka kola, mikono na vifuniko vya mifuko, na kila pembe hukunjwa, ikashikizwa, kisha ikashonwa kwa mkono, maana cherehani huvuta sufu ikafanya mikunjo. Kikundi kimoja cha maigizo kilichukua makoti bila utepe ili kuokoa fedha, kikaubandika nyumbani kwa gundi ya moto. Pasi ilipopita, gundi iliyeyuka, ikapenya hadi kwenye bitana na kuacha mabaka yanayong'aa ambayo hayakutoka kwa sabuni wala kwa mvuke. Tulikata upya vipande vya mbele vya makoti manne, na kikundi kikalipa zaidi ya bei waliyoikataa mwanzoni.

Wanaodhani tunatafuta fedha tu wajue kwamba huwa tunakataa kazi pia. Mteja akitaka utepe kwa msimamizi mkuu wa nyumba, tunamwambia hapana: huyo alivaa nguo nyeusi za kawaida kama muungwana, na wajakazi nao walivaa gauni la pamba asubuhi na jeusi lenye aproni nyeupe mchana, nguo ambazo mara nyingi walijinunulia wenyewe.

Sare ya mtumishi wa kiume, kinyume chake, ilikuwa mali ya mwenye nyumba. Aliyeacha kazi aliiacha, na ikarekebishwa kwa anayefuata. Ndiyo maana nasi huacha inchi nzima ya akiba ndani ya mishono ya mgongo na ubavu. Koti tulilomshonea kijana mwembamba miaka sita iliyopita lilirudi mwaka huu livaliwe na mtu mwenye kifua kipana. Tulifumua, tukapanua, utepe haukuguswa hata uzi mmoja, na tukamtoza mwenyewe kazi ya saa mbili.