Watafiti si vibarua wa msimu

Ndugu Mhariri,

Habari mliyoitoa wiki iliyopita, ambamo kiongozi mmoja alisema kwamba vijana wa Unguja na Pemba hawapendi kazi ya utafiti, imenilazimisha niandike baada ya kunyamaza miaka 11. Vijana wanaipenda. Kinachowakimbiza ni namna wanavyoajiriwa.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, hufa maji yakipata joto. Kazi yangu ilikuwa kupima joto hilo na kuhesabu kamba za mwani zilizooza kila bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huko Micheweni, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, bila bima wala likizo. Mkataba mmoja ulipokwisha, mpya ulichelewa wiki saba, na bahari haikunisubiri. Nikaenda kupima kwa nauli yangu ili takwimu zisikatike. Baadaye nafasi ya kudumu ya kazi hiyo hiyo ikatangazwa: tangazo lilibandikwa Alhamisi jioni, na mwisho wa kupokea maombi ukawa Jumatatu. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili siku ya Jumatano, nikaulizwa maswali mawili tu, na wakati natoka mlinzi wa getini akanieleza kwa huruma kwamba aliyepewa nafasi alikuwa ameshaanza kazi tangu Jumatatu ya wiki ile. Mpaka leo sijapata barua hata ya kunikatalia, ilhali vipimo vyangu, pamoja na vile vya nauli yangu, vimo katika ripoti ya mradi na jina langu halimo.

Miradi yetu mingi hufadhiliwa na Ulaya, na huko tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya umependekeza kwamba mwombaji aelezwe vigezo kabla ya usaili, na baada yake aelezwe ubora na upungufu wa maombi yake. UNESCO nayo, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, ilipitisha mwaka 2017 mapendekezo yanayogusa ajira na mazingira ya kazi ya watafiti. Kwa nini fedha zivuke bahari na utaratibu ubaki huko?

Kina mama wanaolima mwani nao wamedhulumiwa. Hujibu dodoso mwaka hadi mwaka, magoti yakiwa majini, na hakuna anayerudi kuwasomea matokeo. Wakiniuliza, nakosa la kuwajibu.

Naomba kila tangazo la nafasi ya utafiti likae siku 21 kwenye mbao za matangazo za Wete, Chake Chake na Mkoani. Msaili mmoja atoke nje ya taasisi inayoajiri. Kila aliyesailiwa apewe barua ndani ya siku 14. Na mkataba wa utafiti wa pwani usimalizike katikati ya bamvua.

Mtafiti wa mwani,
Pemba