Ukija Disemba lazima nikupeleke Chumbe

Shosti yangu mpenzi,

Asalaam aleykum. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana na anasema ukija kutoka huko Muscat usisahau ubani wake wa Salalah.

Juzi kwenye simu ulisema hayo mambo ya kupanda boti kwenda kisiwani kutazama samaki ni ya wazungu, sisi tumezaliwa pwani, tumekula samaki toka tunaota meno, tukatazame nini tena, na hapo mavazi ya stara yatakuwaje, na kuogelea hujui. Sikukujibu vizuri maana bando lilikuwa linaisha, ndo maana leo nimekaa nikuandikie kirefu, jambo hili limeniingia moyoni kwa kweli na sitaki ulipite juu juu.

Nimeenda Chumbe. Kile kisiwa kidogo cha hapa Zanzibar chenye mnara wa taa tunachokipita mkono wa kushoto kila tukipanda boti ya Dar, miaka yote tunakiona tu hatujui kuna nini. Tuliondokea Mbweni saa nne asubuhi na boti ndogo ya injini, watu wachache, maana kule hawapokei wengi kwa siku, na vyumba vyao vikijaa wageni wa kulala basi sisi wa kwenda na kurudi hatuchukuliwi kabisa. Kaskazi ilikuwa imetulia, bahari imelala, kama dakika arobaini hivi tukawa tumefika. Gati hakuna, unashuka majini, nguo umepandisha, viatu mkononi.

Kabla hujaingia baharini wanakukalisha wanakufundisha, na hapo ndo nilipoanza kuwaheshimu hawa watu. Usisimame juu ya tumbawe, usishike kitu, usiokote hata kombe tupu kwa sababu kuna kaa wadogo wanahamia humo, na wanakuomba usijipake losheni ya jua maana zipo zenye kemikali zinazoumiza matumbawe, ujifunike nguo za mikono mirefu badala yake. Sasa shosti kwa sisi hiyo si ndo raha yenyewe! Mi nilivaa ile nguo ya kuogelea ya stara, kofia yake imebana vizuri, hamna aliyenitazama mara mbili, na kuna mama mmoja wa Kijerumani alikuwa kajifunika mwili mzima vilevile kwa kuogopa jua. Kwa hiyo hilo la mavazi ulilonambia litoe kichwani.

Na la kuogelea najua ndo kubwa zaidi. We na mimi tumekulia hatua chache kutoka ufukweni lakini nani alitufundisha kuogelea? Kaka zetu walikuwa wanajirusha pale Forodhani siku nzima, sisi tukiingia baharini ni maji yakitoka tu, tunaokota chaza, magauni yamelowa mpaka magotini, basi. Bibi zetu wamelima mwani miaka mingi wameinama juu ya bahari hivyo hivyo, chini kuna nini hawajapata kuona. Hilo linaniuma sana. Pale wanakuvalisha laifujaketi, unaelea hutaki unataka, halafu miwani na ule mrija wa kupumulia, snokeli, na mlinzi yuko pembeni yako na boya la kushikilia. Wetu alikuwa baba wa makamo, zamani alikuwa mvuvi, sasa analinda pale pale. Mwanzo kifua kinakataa, unahisi utakosa pumzi, akanambia mwanangu usivute haraka, toa pumzi taratibu mpaka iishe ndo uvute nyingine, na mi nikafanya hivyo nikainamisha uso.

Ewe shosti!

Chini ya tumbo langu, maji si marefu hata, pamejaa. Matumbawe ya kila aina, mengine yametanuka bapa, mengine yana matawi, mengine ya duara makubwa ambayo watu wanne hawaizunguki moja, na yule baba alinieleza baadae kwamba hayo ya duara yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, sasa we piga hesabu limeanza lini, kabla ya mnara, kabla ya babu wa babu zetu. Na samaki! Wote nawajua, ndo kitu kilichonishangaza, nawajua kwa majina kutoka soko la Darajani ila sijawahi kuwaona wako hai. Changu, tasi, kangaja, chewa mkubwa kajibanza chini ya mwamba ananitazama usoni, mkunga katoa kichwa tu kwenye shimo lake. Pono ndo sitamsahau, wa kijani na waridi na buluu, rangi ambazo sokoni zimeshapotea kabla hajafika mezani, na anavyokula unamsikia! Sauti inakuja wazi masikioni, kacha kacha kacha, utadhani mtu anatafuna kashata. Anaguguna mwamba kutafuta vijani vilivyoota pale, lile jiwe linasagika tumboni mwake analitoa mchanga. Yule baba anasema mchanga mweupe tunaoukalia ufukweni mwingi wake umepita tumboni mwa pono. Tumeukalia miaka yote hiyo bila kujua.

Kasa alipita pia, kwa mbali, hakuwa na haraka na mtu.

Nilitoka majini nikamuuliza mbona hapa pamebaki hivi na kwengine pamekufa. Akasema kwanza pale ni njia ya vyombo vinavyoelekea Dar, kwa hiyo hata zamani wavuvi hawakuwa wanatia nyavu sana, halafu mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikapatangaza kuwa hifadhi, hapavuliwi kabisa upande ule wa magharibi, na wakachukuliwa wavuvi wenyewe wa vijiji vya jirani wakafundishwa wawe walinzi. Hawana bunduki, wanaongea tu na wenzao, chombo kikiingia wanakifuata wanakieleza. Wenzao mwanzo walikasirika, sehemu ya riziki imefungwa, nani asingekasirika. Ila samaki wakiachwa wakakua wakubwa wanazaa wengi, na wakizidi wanatoka nje ya mpaka, huko ndiko mvuvi anakowapata. Sasa hivi zimehesabiwa pale aina zaidi ya 400 za samaki na karibu aina 200 za matumbawe, kwenye kipande kidogo vile cha bahari. Hela za wageni ndo zinalipa ulinzi na ndo zinapeleka watoto wa shule za hapa Unguja wakajifunze pale, wasichana na wao wanaingizwa majini, nilipoambiwa hivyo nilitaka kulia.

Lakini nikwambie na la kuhuzunisha. Kuna sehemu niliona matawi yamekatika yameota ukungu, mengine yamekuwa meupe pe. Nikadhani ndo uzuri wenyewe, kumbe weupe ule ni dalili kwamba tumbawe limeelemewa. Tumbawe ni mnyama mdogo, na ndani yake anaishi na mimea midogo isiyoonekana kwa macho ambayo ndo inampa chakula na rangi, bahari ikizidi joto anaitema, anabaki mweupe na njaa, joto likikaa muda mrefu anakufa. Ilitokea 1998 ule mwaka wa El Niño, ikatokea tena 2016, na 2024 wanasayansi wametangaza imeshika dunia nzima. Mlinzi anaweza kumzuia mtu wa nyavu, joto atalizuia vipi? Ndo maana nakuhimiza uje sasa, si mwaka keshokutwa.

Mengine nitakuambia kwa ufupi. Mnara umejengwa 1904, nikapanda mpaka juu, miguu ikatetemeka lakini unaiona Mji Mkongwe kule na huku bahari tupu. Pembeni yake kuna msikiti mdogo wa zamani kwa hiyo sala ya adhuhuri usiwe na wasiwasi. Msituni unatembea juu ya mwamba, humo ndani ya jiwe yameganda makombe makubwa ya zamani, maana kisiwa chenyewe kilikuwa tumbawe chini ya maji bahari haijashuka. Kuna wale kaa wakubwa wanaopanda minazi ila hao wanatembea usiku, na paa nunga wapo sikumwona hata mmoja. Maji yote ni ya mvua wanayakinga kwenye mapaa. Chakula kizuri sana, samaki wa kupaka ulinikumbusha wa kwenu Kikwajuni, na samaki hao hawavuliwi pale.

Sasa ujitayarishe. Nguo ya stara nunua huko huko Muscat, huku zipo lakini ghali na kitambaa si kizuri, chukua na ya mama yako kama atakubali kuja, usimwambie anazama, mwambie anaelea. Miwani usihangaike wanayo. Niandikie tarehe mapema maana lazima tuweke nafasi kabla, Disemba wageni ni wengi, na sisi wakazi tuna bei yetu kwa hiyo acha mi nizungumze nao, we usifungue mdomo na Kiarabu chako. Nataka twende siku ya maji mafu, mkondo unakuwa hauna nguvu na we ndo mara yako ya kwanza, nitaangalia mwezi. Na huko kwenu wanasema visiwa vya Daymaniyat vina matumbawe na potwe, wale papa wakubwa, wanapita, ukienda na watoto kabla hujaja hapa niambie umeona nini, rangi zinafanana na za kwetu au vipi, na potwe ana ukubwa gani akiwa karibu.

Wasalimie wote, watoto wabusu kwa niaba yangu. Nasubiri tarehe.

Shosti yako wa Mwanakwerekwe