Kwa Zuhura, kutoka Ngorongoro

Karatu,
12 Agosti

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi kutoka kwenye baridi ya huku juu. Mimi sijambo, na natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Tanga mu wazima. Barua yako imefika. Umeniuliza kwa nini bado tunahesabu simba waliokwisha kuhesabiwa tangu sisi hatujazaliwa. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili liko moyoni mwangu.

Kwanza ujue tunavyowatambua. Chui na fisi wana madoa. Kamera ikifungwa mtini ikawapiga picha ya ubavu, umeshajua yupi ni yupi. Simba hana, kwa hiyo tunatazama shavu. Sharubu zake zimejipanga kwa mistari, kila unywele ukiota kwenye kidoa cheusi. Mstari wa juu kabisa una vidoa vichache tu, na jinsi vilivyokaa juu ya mstari wa pili hutofautiana simba kwa simba, tena shavu la kulia si sawa na la kushoto. Alama hizo hazibadiliki hadi anakufa. Basi unazima gari, unashika darubini, unangoja ageuze uso. Ukishapata upande mmoja, unangoja wa pili, na akiamua kulala mchana kutwa, nawe unakaa. Pua nayo inakupa umri: kwa mtoto ni ya waridi, kisha weusi huongezeka mwaka hadi mwaka. Kila mmoja tuna kumbukumbu zake, mama yake ni nani, amezaa na nani, amehamia wapi.

Sasa njoo kreta yenyewe. Ni bakuli la kilomita za mraba kama 260, kuta zake zinapanda mita 600 hivi, na ndani kuna nyati, nyumbu na pundamilia tele. Mtu angedhani simba wa humo hawana shida. Lakini mwaka 1962, baada ya mvua zisizo za kawaida, nzi wanaouma walizaliana kupita kiasi, wakawajaza simba vidonda hata wakashindwa kuwinda. Kutoka zaidi ya 60 walibaki kama 10. Madume wachache wakaingia kutoka nje, na simba wa kreta waliofuata ni uzao wa hao wachache pamoja na wale waliobaki. Baadaye waliongezeka sana, ila madume wenyeji walikuwa na nguvu kiasi cha kuwafukuza wageni, basi ndugu wakaendelea kuzaa na ndugu.

Damu ya namna hiyo haina akiba ugonjwa ukija. Serengeti, ambako simba ni wengi, mwaka 1994 takriban theluthi moja walikufa kwa distempa, kirusi cha mbwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi peke yake hakikutosha. Ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, simba wakala nyati hao na kupata vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe. Magonjwa mawili yakakutana katika mwili mmoja. Mwaka 2001 hali kama hiyo ikawakuta simba wa kreta. Zuhura, tusingekuwa na kumbukumbu za miaka mingi, za simba mmoja mmoja, tungeokota mizoga tu bila kujua kisa. Ndiyo maana kumchanja mbwa kijijini nakuhesabu kuwa ni kazi ya simba.

Kinachotakiwa sasa ni madume wageni kutoka Serengeti. Njia yao inapita kwenye malisho ya Wamaasai, na hapo ndipo kazi yangu ilipohamia. Hivi karibuni nilifika kwenye boma moja asubuhi. Mama mwenye boma alinipeleka nyuma ya zizi, akanionyesha pengo kwenye uzio wa miiba na damu iliyoganda vumbini. Ng'ombe jike mwenye mimba alikuwa amechukuliwa. Hakunifokea. Aliniuliza tu ada ya mwanawe muhula ujao itatoka wapi. Naamini kwa dhati kwamba gharama ya simba inamwangukia mama yule, wakati faida inaonekana kwenye mahoteli ya ukingoni. Mtu akikata tamaa akaweka sumu kwenye mzoga, hafi simba mmoja peke yake. Wanakufa fisi, mbweha na tai pia.

Kwa hiyo natembea na vijana wa hapa hapa wanaoitwa Ilchokuti. Alfajiri wanafuata nyayo, wanawaambia wachungaji wasipeleke ng'ombe upande gani leo, wanatafuta mifugo iliyopotea kabla giza halijaingia, wanaziba mapengo ya uzio. Kijana aliyekulia kuwinda kwa mkuki anasoma unyayo kwenye vumbi vizuri kuliko sisi wenye shahada. Kola za GPS, zinazofungwa simba shingoni kuonyesha walipo, zinasaidia, lakini bila wao ni vitone kwenye ramani.

Kuna dume mmoja nimemfuatilia tangu mvua ziishe. Ametoka upande wa Ndutu, mpakani na Serengeti, amepita maboma kadhaa bila kugusa mfugo, na juzi alikuwa chini ya ukingo wa kreta. Kama ataingia, bado sijui; wenyeji wake ndani ni watatu, yeye yuko peke yake.

Njoo Desemba shule zikifungwa. Panda basi hadi Arusha, nitakupokea stendi. Lete sweta, na usisahau dagaa.

Wako,
Neema