Gulangyu si kisiwa cha Wazungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie ile makala yenu ya visiwa vya China. Mlipofika Gulangyu mmekipa mistari minne tu, mkasema ni "kisiwa cha Wazungu kilichobaki China", mkaweka na picha ya lile jengo lenye kuba jekundu basi mkapita. Mimi nimesoma Xiamen miaka minne, nilikuwa navuka kwenda Gulangyu kila nikipata nafasi, na ile sentensi imeniuma kweli.

Kwa asiyepajua, Xiamen ni mji wa bandari mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China, unatazamana na Taiwan, na meli za zamani zilipaita Amoy. Gulangyu kiko mbele yake hapo hapo, maji ya katikati ni kama mita 600 hivi, na kisiwa chenyewe hakifiki kilomita za mraba 2. Jina limetokana na mwamba wa ufukweni wenye tundu, wimbi likiingia mle linatoa mlio kama ngoma, ndo wakakiita kisiwa cha ngoma na mawimbi. Magari ya kawaida hamna, pikipiki hamna, hata baiskeli hairuhusiwi, ukiacha vile vigari vya umeme vya kuzungusha watalii pwani. Mizigo inaenda kwa mkokoteni. Nimewahi kukaa nyuma ya mzee mmoja anapandisha saruji kwenye kichochoro cha mawe, kamba imepita begani, mwili umelala mbele mpaka uso unakaribia ardhi, na kila akifika kona anapiga kelele watu wapishe. Kila tofali la kisiwa kile limepanda hivyo, mabegani mwa watu.

Sasa historia. Kabla ya Mzungu kujenga chochote pale, Zheng Chenggong, jemadari wa Kichina, alikuwa anafundisha wanamaji wake hapo hapo, chini ya ule mwamba mrefu unaoitwa Riguangyan, mita 92.7 kwenda juu, na mwaka 1661 akavuka kwenda Taiwan, mwaka uliofuata Waholanzi waliokuwa wameishika Taiwan wakasalimu amri wakaondoka. Sanamu yake ya mawe leo imesimama pembeni ya bahari inaangalia maji na ukiwa kwenye feri unaiona vizuri tu. Waingereza wamekuja baadae, vita ya kasumba, wakakikalia kisiwa kuanzia 1841, na mkataba wa Nanjing wa 1842 ukailazimisha Xiamen kufungua bandari. Hapo ndo wakaja makonsuli, wafanyabiashara, wamisionari, na mkataba wa 1902 ukakifanya makazi ya kimataifa, na halmashauri ya wageni na polisi wake, wakiwemo Masingasinga walioletwa kutoka India. Mwishowe, Desemba 1941, Wajapani wakakichukua chote. Kwahiyo sikatai, Wazungu walikuwepo na walitawala, na zile nyumba za ukonsuli ni zao kweli.

Ila majumba mengi makubwa mnayoyaona kwenye picha hayakujengwa na wao! Yamejengwa na Wachina waliotoka wakaenda kuhangaika nje, Ufilipino, Java, Singapore, Malaya, halafu wakarudi na hela zao, hasa miaka ya 1920 na 1930. Mchukueni Huang Yizhu. Huyu ametoka kijijini Fujian akiwa kinyozi, ameenda Java akaanza kwa kunyoa watu, akaingia biashara ndogo ndogo, mwisho akawa tajiri mkubwa wa sukari huko Semarang, na 1919 akarudi akahamia Gulangyu. Amejenga nyumba yake pale, kweli, lakini pia ndiye aliyetia hela kwenye maji ya bomba ya Xiamen na simu. Au Lin Erjia, familia yake ilihama Taiwan baada ya Japan kuichukua 1895, na 1913 akajenga bustani ya Shuzhuang pale ufukweni, ina daraja la kupindapinda linalopita juu ya maji ya bahari, kwa sababu alikuwa anaikumbuka bustani ya kwao aliyoiacha Taiwan. Mtu amejenga kumbukumbu ya kwao, halafu sisi tunaandika ni ya Wazungu.

Na ukiyakaribia hayo majumba yenyewe yanakwambia. Mbele kuna nguzo na baraza pana kama za kikoloni, lakini matofali ni yale mekundu ya Fujian, mawe ni ya granite ya huko huko, kwenye nakshi unakuta matunda na ndege wa kwao. Mafundi walikuwa wa pale pale, wakachukua walichokipenda wakatengeneza cha kwao. UNESCO ilipokiingiza kisiwa kwenye urithi wa dunia Julai 2017 iliangalia huo mchanganyiko, haikuangalia Uzungu peke yake.

Nyumba ya wageni niliyozoea kulala ilikuwa ya mama mmoja, sisi wanafunzi tulimwita Ayi, kama huku unavyomwita mtu mama mdogo hata kama si ndugu yako. Babu yake alienda Manila akiwa kijana. Usiku mmoja akanitolea boksi la bati, ndani kuna bahasha nyembamba zimekuwa rangi ya chai, juu yake pameandikwa kwa brashi kiasi cha hela kilichotumwa, maana zamani barua na hela vilikuja pamoja kwenye bahasha moja. Barua za aina hiyo UNESCO imeziweka kwenye kumbukumbu ya dunia tangu 2013. Akanisomea moja, babu anauliza kama mvua imevuja jikoni na kama mama yake anakula vizuri. Mimi nina wajomba Muscat wanaotuma hela za kujengea, nikashindwa kusema kitu.

Halafu piano. Zililetwa na makanisa na shule za misheni, ila watoto wa kisiwa ndo waliozifanya zao, mpaka kikaitwa kisiwa cha piano, na Yin Chengzong, mpiga piano anayejulikana dunia nzima, amezaliwa pale 1941. Mchana husikii kitu, watalii ni wengi mno, Mtaa wa Longtou unanuka chaza wa kukaanga na mayai na huwezi hata kugeuka, ndo maana serikali imeweka kikomo cha watu elfu 50 kwa siku. Lakini feri za jioni zikishawarudisha watu, kaa kwenye ngazi za kanisa lolote usubiri. Utasikia dirishani mtoto anarudia mstari mmoja mara ishirini, anakosea pale pale, anaanza tena.

Jambo jingine lililonishika ni mkrismasi, huu mti wetu wenye maua mekundu. Ndiyo mti rasmi wa mji wa Xiamen! Asili yake Madagascar, sasa umepangana kule barabarani na vichochoroni, tofauti tu ni kwamba wa Tanga unachanua Desemba, wa kule unaanza karibu na Juni wakati wanafunzi wanamaliza chuo. Kimbunga Meranti cha Septemba 2016 kiling'oa miti mingi sana, nikaona watu wazima wanainyanyua kwa kamba wakiwekea magongo isife.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Lile jengo la kuba jekundu mliloweka linaitwa Bagua Lou. Ramani alichora Mmarekani, daktari John Otte, hilo msilifiche, lakini aliyeagiza lijengwe kuanzia 1907 na kulilipia mpaka hela zikamshinda ni Lin Heshou, wa ile ile familia ya Lin iliyotoka Taiwan. Mkiitoa tena ile picha, andikeni jina lake pale chini.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Tanga