Karatasi imekunywa maji, printa inasingiziwa

Mhariri,

Kila masika yakiingia, printa za leza katika maduka ya fotokopi hapa Lamu huanza kukwamisha karatasi, na fundi huitwa aje "kutengeneza mashine". Tunaomba nafasi tuitetee mashine. Mara nyingi mwenye makosa ni karatasi.

Karatasi hutoka kiwandani na unyevu wa asilimia 4 hadi 6 hivi, na kifungashio cha rimu kina utando wa kuzuia maji. Ukikichana tu, karatasi inaanza kunywa unyevu wa hewa. Na hapa kwetu hewa ni ya bahari, usiku na mchana. Rimu ikishashuka boti kutoka Mokowe na kubebwa na punda hadi dukani, huwekwa sakafuni, imeegemea ukuta wa mawe ya matumbawe unaopandisha maji kutoka ardhini. Kingo hulowa kabla ya katikati. Itazame kwa ubavu utaona mawimbi.

Karatasi ya namna hiyo hugandana, mbili zikavutwa kwa pamoja. Chaji ya umeme inayovutia tona, yaani wino wa unga, hupotelea kwenye unyevu, maandishi yakatoka na mabaka. Ikifika kwenye fyuza, yaani zile rola za moto wa karibu nyuzi 200 zinazoyeyusha tona, maji hugeuka mvuke kwa ghafla, karatasi ikajikunja na kona yake ikanasa kabla ya kutoka. Ule mvuke mweupe wa nyuma, ambao wengi huukimbilia kuzima umeme, si moshi.

Kabla ya kumwita fundi, fungua rimu mpya papo hapo, tia karatasi 20, uchape. Zikipita zote, printa yako ni nzima. Kuianika ile ya zamani juani hakufai; inakauka upande mmoja na kupindana zaidi. Ikiwa huna nyingine, chagua "karatasi nyepesi" kwenye mipangilio ili fyuza ipunguze moto, kisha sugua maandishi kwa kidole. Yakifutika, moto umepungua mno, rudisha.

Rimu mpya nayo ikikwama, tazama inakwama wapi. Ikiwa ni kwenye trei, rola ya kuvutia imejaa vumbi la karatasi na mpira wake umeng'aa. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye maji kidogo tu. Petroli na thina huua mpira. Vile vibao vya pembeni viguse karatasi bila kuibana, na usipite alama ya mwisho ya trei. Ikinasa nyuma kila mara, hata kwa karatasi kavu, hapo fyuza yenyewe ina kasoro na fundi ana kazi.

Hasara kubwa huletwa na mkono wenye haraka. Zima, chomoa waya, na ikiwa imenasa nyuma ngoja dakika 30 fyuza ipoe. Toa katriji ya tona na uifunike kwa kitambaa, maana mwanga huharibu dramu, ile silinda yake inayochora ukurasa kwa tona. Shika karatasi kwa mikono miwili, vuta polepole kuelekea inakokwenda, si kinyume. Ikichanika, panga vipande mezani mpaka ukurasa utimie. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikibaki juu ya kile kidole cha plastiki cha sensa, mashine itaendelea kudai imekwama hali ndani unaona patupu. Tona ikikumwagikia, tumia maji baridi. Ya moto huigandisha.

Wenye maduka, trei si ghala. Tieni karatasi za kazi ya asubuhi, 50 hivi, na zikibaki jioni zirudi kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Rimu ambazo hazijafunguliwa zilazwe juu ya rafu ya mbao, mbali na ukuta. Na wale mnaouza karatasi mojamoja kutoka rimu iliyo wazi tangu wiki iliyopita, mwambieni mteja ni ya kuandikia kwa kalamu.

Mafundi wa mashine za ofisi,
Langoni, Lamu