Maigizo ya mwaloni yasiishie kwenye makofi

Mhariri,

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu, maana mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa. Ndizo siku ambazo vikundi vya sanaa hutujia na spika zao hapa mwaloni kwetu, mitumbwi inaposhushia dagaa, upande wa Ilemela. Nilifundisha elimu ya watu wazima mpaka nikastaafu, na maigizo nayapenda sana. Lakini mengi yanatuhubiria tu: mama anakosea, mtaalamu anatokea, ujumbe unatolewa, tunapiga makofi, gari linaondoka. Kesho yake hakuna kilichobadilika kati ya tajiri wa mtumbwi na mama muanika dagaa.

Hivi karibuni vijana wa hapa hapa walicheza kwa namna nyingine. Mama ametanguliza hela kwa tajiri. Mitumbwi inaingia alfajiri, wengine wanapimiwa ndoo zao, yeye ananong'onezwa kwamba zake zitapatikana akikubali kulala naye. Anarudi nyumbani na beseni tupu. Igizo likakatwa hapo. Mwezeshaji akatangaza kwamba linaanza upya, na yeyote anayeona mama angefanya vingine aseme "Simama!", aingie, achukue nafasi yake.

Wa kwanza alimtolea tajiri maneno makali, akazidiwa. Wa pili akaenda polisi. Wanawake wenzake wakamwuliza ana ushahidi gani, na baada ya hapo atanunua kwa nani. Wa tatu akaingia na wenzake, wakagoma kununua. Tajiri akajibu kuwa wanunuzi ni wengi. Ndipo akanyanyuka kijana mvuvi ambaye hakuna aliyemtarajia: "Dagaa navua mimi, na mgawo wangu nao anaupunja. Tukikataa kushusha mzigo, atauza nini?" Watu walibishana mpaka jua likazama. Wanawake na wavuvi, ambao kila siku hulaumiana kuhusu bei, walikuwa wakipanga neno moja.

Njia hii iliasisiwa na Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, aliyekataa mtazamaji akae tu huku wengine wakifikiri kwa niaba yake. Alipochaguliwa diwani wa Rio de Janeiro mwaka 1992, hoja za wananchi zilizoibuka katika maigizo alizipeleka barazani, na sheria 13 zikapitishwa. Wala sisi si wageni wa jambo hili. Katika mkoa huu huu, kijijini Malya wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wakachambua nao matatizo yao, likiwemo la mimba za wasichana, na wanakijiji wakayacheza kwa ngoma na maigizo yao wenyewe.

Ninawaomba halmashauri na mashirika yanayogharamia sanaa wawaachie watu wa mwalo wachague kisa chao. Mwenyekiti wa mtaa, afisa uvuvi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, waje wakae mchangani kama sisi, na awepo mtu wa kuandika kila hoja. Jambo moja lisipuuzwe: kisa kiwe cha kutunga, na simu zizuiwe. Siku ile zilipoanza kunyanyuliwa kupiga picha, niliona wanawake waliokuwa tayari kuingia wakijifunika khanga na kurudi nyuma. Kesho yake wanapaswa kununua dagaa kwa tajiri yule yule, kwa hiyo hofu yao ni ya haki kabisa.

Mwaloni kwetu zimebaki hoja mbili: mgawo wa wavuvi, na hela zinazotangulizwa bila karatasi yoyote. Naomba ziingie katika ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa ujao, na vijana wale wapewe nafasi ya kulicheza igizo lao tena, safari hii wenye mitumbwi wakiwa wamealikwa.

Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza