Somo, safari hii twende Mtende

Unguja Mjini

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na kusikia kwamba unavuka kutoka Pemba na watoto likizo hii kumenipa furaha isiyo kifani. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimu sana na anaulizia halua ya Wete.

Umeniuliza tuwapeleke watoto pwani gani. Nungwi na Paje zipo, siku yoyote tutakwenda. Mimi moyo wangu uko Mtende, kule kusini, baina ya Kizimkazi na Makunduchi. Nimefika juzijuzi na tangu hapo sina mazungumzo mengine.

Tutapita Jozani, watoto wawaone kima punju, kisha Kitogani, mpaka kijijini. Hapo tuteremke tuwaamkie watu kabla ya kushuka pwani, maana ni kwao. Mbele ya kijiji ni maweni matupu, vichaka na jiwe, na bahari huioni kabisa. Unaisikia tu. Mara njia inakatika, ngazi zinateremka katikati ya majabali, na chini kuna kipande cha mchanga mweupe kimebanwa na kuta za mawe pande zote mbili. Mashaallah, somo! Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Majabali yenyewe yameliwa chini na mawimbi, juu yametokeza, mengine yamebaki peke yake majini na vichaka vyao kichwani. Sogea karibu ulitazame jiwe: utaona nyotanyota za matumbawe na vipande vya kombe vimeganda ndani yake. Zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, hayo yalikuwa matumbawe hai. Ndilo jiwe hilo hilo lililojengewa nyumba za Mji Mkongwe, kwa chokaa iliyochomwa kutokana nalo. Ila ukilishika lina makali kama mbuzi ya kukunia nazi, kwa hivyo watoto wavae viatu vya kufunga, si ndara.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikae kitako nikuandikie. Pwani ile inafuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi, na baina ya kupwa na kujaa ni karibu mita 4. Yakipwa, unapita chini ya majabali kwa miguu, kijipwani hiki mpaka kile. Yakijaa, yanakuja mpaka ukutani, na aliyezunguka upande wa pili hana pa kurudi. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: saa nne ndiyo maji yamejaa, tena ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Basi chagua tarehe kwa mwezi, usichague kwa Jumapili. Na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, hilo pia ulihesabu.

Siku ile nilikutana na bibi mmoja anatoka mwambani, kanga ameipandisha magotini, pweza wawili wananing'inia kwenye kijiti chake. Nikamwamkia. Akanionesha jiwe moja lenye mpasuko, akaniambia: "Maji yakigusa hapo, mwanangu, na wewe uwe juu." Nami sitaki jengine kwa watoto wako ila hilo. Halafu tusiwaachie wenyewe chupa za plastiki pale. Kina mama wale wanategemea mwamba huo kwa kitoweo.

Tukipanda mapema, adhuhuri itatukuta Dimbani. Nataka uuone msikiti wa Kizimkazi ulioko hapo, wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Na maandishi hayo yamechongwa kwenye matumbawe! Mwanao mkubwa anayependa kuchora atayaelewa kuliko sisi.

Kusi likiwa limeshika, mawimbi ya huko si ya watoto, tutabaki juu tu. Ukija wakati wa kaskazi itakuwa bora zaidi.

Nijibu upesi unavuka lini, nitazame mwezi, nimwambie dereva. Chapati na samaki wa kukaanga nitabeba mimi; wewe lete halua.

Wasalaam,
Somo yako